Ule uzi mweupe kikombeni: ni DNA, au ni ute wa ndizi?

Swali: "Habari za kazi, Daktari. Mimi ni mwalimu wa Sayansi Jumuishi, Gredi ya 8, huku Kilifi. Niliwafanyia wanafunzi jaribio la kutoa DNA (vinasaba) kwenye ndizi kama nilivyoliona kwenye video: ndizi, chumvi, sabuni ya vyombo na spiriti. Kundi moja lilipata povu tupu, jingine likapata kitu kama uji wa muhogo kinachoelea, na ni kundi moja tu lililotoa nyuzi. Halafu binti mmoja akaniuliza: 'Mwalimu, tumejuaje hii ni DNA na si ndizi tu?' Sikuwa na jibu. Stroberi wanazotumia kwenye video huku hazionekani, na zikionekana bei yake haishikiki. Nifanyeje jaribio likubali, na huyu mtoto nimjibu nini?"

Mwalimu, salamu zako zimefika. Nianze na huyo binti, maana swali lake limeyapita yale yako yote, na mimi mwenyewe liliwahi kunivua nguo mbele za watu.

Ilikuwa kwenye semina ya walimu wa sayansi. Nilikuwa nimejiandaa vizuri: ndizi mbivu, sabuni, chumvi, na spiriti iliyolala kwenye barafu tangu asubuhi. Nikamimina, nikangoja, nikachovya kijiti cha mshikaki, nikanyanyua uzi mweupe unaoning'inia kama makamasi. "Hii hapa DNA ya ndizi." Makofi. Kumbe kulikuwa na mwalimu mmoja mtu mzima amekaa nyuma kabisa. Akanyoosha mkono, akasema kwa upole tu: "Daktari, hebu rudia bila sabuni tuone." Nilirudia bila wasiwasi, kwa kuwa nilikuwa nimetoka kuwaeleza kwamba sabuni ndiyo inayovunja utando wa seli, na bila sabuni hakitoki kitu. Baada ya dakika tano kikombe cha pili nacho kilikuwa na wingu lake jeupe, zito, lenye viputo ndani. Halikufanana kabisa na la kwanza, lakini aliyekaa mstari wa tatu asingeiona tofauti. Ukumbi ukanyamaza. Nikasema tutalijadili wakati wa chai, na chai yenyewe sikuinywa.

Kile kilichokuwa kwenye kikombe cha pili kwa sehemu kubwa kilikuwa pektini. Hiyo ndiyo gundi inayozishikanisha seli za tunda, na ndiyo inayoigandisha jamu ya mapera. Pektini huyeyuka kwenye maji, na ikikutana na pombe kali hujitenga na maji ikaganda. DNA nayo ina tabia hiyo hiyo. Spiriti haina macho: chochote kinachopenda maji na kuichukia pombe kitajitokeza pale juu, kiwe DNA, kiwe pektini, kiwe RNA (ndugu ya DNA), kiwe vipande vya protini. Ule "uji wa muhogo" wa kundi lako la pili, Mwalimu, bila shaka ulikuwa pektini nyingi yenye DNA kidogo iliyonasa ndani yake.

Kwa hiyo jibu la kumpa binti ni hili: DNA imo humo, lakini haiko peke yake, na kwa macho hatuwezi kusema ni kiasi gani. Najua si rahisi mwalimu kusimama mbele ya darasa akasema hivyo. Lakini hapo ndipo jaribio linapoanza kuwa la sayansi, kwa sababu sasa darasa lina kazi ya kufanya: kutafuta njia ya kupambanua.

Njia ya kwanza haina gharama. Kila kundi liwe na vikombe vitatu badala ya kimoja. Cha kwanza kina kila kitu. Cha pili kina kila kitu isipokuwa sabuni. Cha tatu kina maji, chumvi, sabuni na spiriti, ila hakina tunda kabisa. Wanafunzi waandike kabla ya kumimina wanategemea kuona nini katika kila kimoja, kisha wapigwe marufuku kufuta walichoandika. Kikombe cha tatu mara nyingi hudharauliwa, lakini kina mafunzo yake: chumvi haiyeyuki vizuri kwenye pombe, kwa hiyo waweza kuona ukungu mweupe au chembechembe zikishuka chini, na mtoto mwenye haraka ataziita DNA. Cha pili kitawaonyesha pektini. Na hapo nisikufiche, hata kikombe cha pili hakikosi DNA, kwa kuwa kusaga kwenyewe kunapasua baadhi ya seli. Tunachotafuta ni tofauti kati ya cha kwanza na cha pili.

Tofauti hiyo inaonekana zaidi ukiinyanyua kuliko ukiitazama. Pektini hukaa kama donge la jeli, imejaa viputo, na ukiinyanyua kwa kijiti hukatika ikaanguka. DNA hujizungusha kwenye kijiti kama tambi nyembamba mno; ukikizungusha taratibu upande mmoja uzi unazidi kujikusanya, na ukikitoa nje unasinyaa na kuwa kitu kidogo cha kunata, cheupe, kisichopendeza hata kidogo. Watoto hutegemea waone kitu cha ajabu, wakaambulia makamasi. Waambie mapema.

Sasa tuje kwenye mapishi, maana povu lako lina sababu yake.

Chukua ndizi mbivu, kama gramu 50, yaani nusu ya ndizi ya kawaida. Iwe mbivu ya kula, isiwe ile iliyokwisha kuwa nyeusi ndani, kwa sababu tunda likianza kuoza vimeng'enya vyake vyenyewe huanza kuikatakata DNA. Ndizi mbichi nayo haifai: imejaa wanga, na wanga utatuama chini ya kikombe mweupe kama unga. (Ikitokea, dondosha tone la ayodini. Likigeuka bluu inayokaribia weusi, huo ni wanga, na wanafunzi wako wanalijua jaribio hilo.)

Video nyingi zinakuambia uiponde ndani ya mfuko wa plastiki. Kenya ilipiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2017 na Tanzania ikafuata 2019, na kusema kweli hatukupoteza kitu. Bakuli na uma vinatosha, au kinu kidogo na mchi. Ponda dakika mbili mpaka isibaki hata punje. Usitumie blenda: inakata nyuzi za DNA vipande vifupi ambavyo havijisokoti kwenye kijiti, na inatia hewa.

Pembeni tengeneza maji ya sabuni: nusu glasi ya maji safi, kama mililita 100, nusu kijiko cha chai cha chumvi, na vijiko viwili vya chai vya sabuni ya maji ya vyombo. Koroga kama unayemkorogea mgonjwa uji, polepole, bila kupiga. Povu la kundi lako la kwanza lilitoka hapa. Kijana alipewa kijiko, akakipiga kama anachapa mayai, na povu likishajaa spiriti haiwezi tena kukaa juu ya maji ikatenga mstari safi. Likitokea, acheni kikombe kitulie robo saa au lienguliwe kwa kijiko, msonge mbele.

Usitumie sabuni ya mche. Nyumba nyingi za pwani zinatumia maji ya kisima, na unajua mwenyewe sabuni hiyo inavyokatika kwenye maji magumu ikaacha utando wa kijivu beseni zima. Zaidi ya hapo, chumvi unayotia inaitoa sabuni ya mche kwenye maji, kwa hiyo utakuwa na vitu vyeupe vinavyoelea ambavyo si pektini wala DNA, ni sabuni yenyewe. Sabuni ya maji ya vyombo, au hata shampuu ya bei rahisi, haina taabu hiyo.

Kila kimoja kina kazi yake. Utando wa seli na utando wa kiini, yaani chumba cha ndani ya seli DNA inamokaa, vyote vimejengwa kwa mafuta, na sabuni inavifanyia kile inachoufanyia ukoko wa samli kwenye sufuria. Chumvi kazi yake ni ya umeme. Uti wa DNA umejaa fosfeti zenye chaji hasi, zinazosukumana, na hilo ndilo linaloiweka DNA imeyeyuka majini. Sodiamu ya chumvi ina chaji chanya, inazifunika zile hasi, na molekuli zikaacha kufukuzana. Spiriti ikija inazinyima maji ya kushikamana nayo, na DNA inabaki ikijishikilia yenyewe kwa yenyewe. Ukisahau chumvi, spiriti yako yote ni ya bure.

Changanya ndizi na maji ya sabuni, halafu weka bakuli ndani ya beseni la maji ya moto ya nyuzi 60 hivi kwa dakika kumi. Joto hili linawazimisha wale vimeng'enya wakataji. Kama huna kipimajoto, changanya kikombe cha maji yanayotokota na kikombe cha maji ya mtungi. Kwa hali ya hewa ya Kilifi utaangukia karibu na hapo. Usizidishe muda, kwa sababu joto hilo hilo linatoa pektini zaidi kwenye kuta za seli. Kisha poza kwa barafu. Barafu ya bei nafuu kuliko zote, kama hujui, iko soko la samaki.

Chuja. Hapa sina haja ya kumfundisha mtu wa pwani kuchuja: kama mnacho kifumbu cha tui kisichokuwa na harufu ya nazi, au kitambaa cha chachi kilichokunjwa mara mbili, ndicho hicho. Lakini usikamue! Nazi unaikamua kwa sababu unataka kila kitu. Hapa unataka maji yanayodondoka yenyewe. Ukikamua unapitisha nyama ya ndizi, na nyama ya ndizi ni pektini.

Yapate maji hayo kwenye kikombe chembamba cha kioo, vidole viwili tu, na uinamishe kikombe. Mimina spiriti iliyopoa barabara, ikiteremka ukutani mwa kikombe taratibu, mpaka iwe mara mbili ya maji yaliyomo. Usikoroge. Angalia pale mpakani, baina ya maji ya njano na spiriti. Kwanza utaona kama moshi, kisha kama utando wa buibui, na baada ya dakika tano hadi kumi nyuzi zinapanda zikiwa zimebeba viputo vidogo.

Spiriti ndiyo inayoangusha walimu wengi, kwa hiyo hapa nitakaa kidogo. Inatakiwa pombe ya asilimia 90 na zaidi. Ile jeli ya kusafishia mikono haifai, ina vitu vya kuifanya nzito ambavyo vitakupa jeli nyingine juu ya jeli. Pombe za dukani, hata zile wanazoziita kali, huwa na asilimia 35 au 40, na hazitoshi hata ungemimina chupa nzima. Lakini sababu kubwa ya kutoziingiza darasani unaijua bila kuambiwa. Spiriti ya zambarau ya mafundi inaweza kufanya kazi, ila rangi yake inakunyima raha ya kuona kitu cheupe. Nunua spiriti isiyo na rangi kwenye duka la dawa, na kabla ya kuipeleka darasani ifanyie jaribio hili: kijiko kimoja cha spiriti ndani ya kijiko kimoja cha maji. Ikibaki angavu, ni nzuri. Ikigeuka nyeupe kama maziwa, iache, kwani baadhi ya spiriti za kusafishia ngozi hutiwa mafuta ya mbarika na vitu vingine vinavyojitenga vikikutana na maji. Mwalimu mmoja aliwahi kunitumia picha ya kikombe chote cheupe, akasema hajapata kuona DNA nyingi namna hiyo. Nikamwambia atie spiriti ile ile kwenye maji matupu. Hakunijibu siku mbili.

Usiiweke chupa ya spiriti kwenye friza la nyumbani ikiwa haikufungwa barabara. Mvuke wake unashika moto na friza lina cheche zake ndani. Barafu iliyonyunyiziwa chumvi inatosha kuipoza. Darasani pasiwe na jiko wala kiberiti, madirisha yawe wazi, na watoto waelezwe kwa maneno makavu kwamba spiriti ya dukani ina sumu na mtu anaweza kupofuka kwa kuionja.

Umesikitikia stroberi. Nikuondolee huzuni hiyo. Utakuwa umesikia kwamba stroberi inapendwa kwa kuwa kila seli yake ina seti nane za kromosomu, yaani vifurushi vya DNA, na ni kweli: kromosomu 56, wakati sisi tuna 46 katika seti mbili. Lakini seti zenyewe ni ndogondogo. Ukizijumlisha zote nane unapata jozi za herufi, yaani vidato vya ngazi ya DNA, kama bilioni 1.6 kwa seli. Ndizi nyingi tunazokula, matoke yakiwemo, zina seti tatu, kromosomu 33, na hiyo ni sababu mojawapo ya kutokuwa na mbegu; kila seti ina karibu milioni 500, kwa hiyo jumla ni kama bilioni 1.5. Wapi na wapi hiyo tofauti inayosifiwa? Seli ya mtu ina zaidi ya bilioni 6. Stroberi ina sifa nyingine ya haki: ni laini, hupondeka kwa vidole, na ikiiva vimeng'enya vyake vimekwisha kuzilegeza kuta za seli. Wewe una mchi.

Na kama unatafuta utajiri wa DNA, nenda kwenye kapu la vitunguu. Seli ya kitunguu maji ina jozi kama bilioni 32, mara tano ya zetu, na hakuna anayeweza kudai kwamba kitunguu ni kiumbe chenye mambo mengi kuliko mtu. Kila jozi inachukua urefu wa nanomita 0.34, basi wape wanafunzi wapige hesabu: DNA ya seli moja ya ndizi ikinyooshwa ni nusu mita hivi, ya mtu ni mita 2, ya kitunguu inapita mita 10. Na unene ni nanomita 2 tu, kwa hiyo wanachokiona kwenye kijiti ni maelfu kwa maelfu ya nyuzi zilizojisokota pamoja. Moja peke yake haionekani hata kwa darubini ya shule. Kitunguu hakikosi pektini, lakini uwiano unakuwa mzuri zaidi. Kikwaruze kwa kikwaruzo badala ya kukiponda, na uvumilie macho.

Papai lina DNA kidogo, jozi kama milioni 740 tu kwa seli, lakini linatusaidia kwa njia nyingine. Mama zetu hulitia papai bichi kwenye nyama ya mishikaki ili ilainike, na kinacholainisha ni papeini, kimeng'enya kinachokula protini. DNA ndani ya kiini imezungushwa kwenye protini, kwa hiyo ukitia kijiko cha chai cha maji ya papai bichi kabla ya zile dakika kumi za joto, uzi wako unakuwa safi zaidi. Papeini hailiogopi joto la nyuzi 60, inalipenda. Utomvu wa papai bichi unawasha ngozi, uushike wewe mwenyewe. Embe mimi silitumii: nyuzi za embe zinapita kwenye chujio, na kila mtoto atakuonyesha uzi wa embe akiuita DNA. Chungwa na ndimu ni ndugu zao pektini, viache.

Njia ya pili ya kumjibu binti, na hii ndiyo ninayoipenda, ni kununua maini ya kuku. Seli za mnyama hazina ukuta wala pektini. Maini ya gramu 50, mapishi yale yale, na nyuzi zitakazotoka haziwezi kusingiziwa gundi ya tunda. Zitakuwa na protini, ndiyo, na kama maabara yenu ina sodiamu haidroksaidi na salfeti ya shaba mnaweza kuipima ile protini kama mnavyopima maziwa au maharage: rangi ya zambarau ikitokea, protini ipo. Wakiweka kikombe cha ndizi na kikombe cha maini ubavu kwa ubavu, watoto wenyewe watakuonyesha ni sehemu gani ya kile cha ndizi inafanana na ya maini. Harufu ya maini vuguvugu yenye sabuni ni mtihani, nakuonya.

Kupima kwa rangi ya methilini bluu, kama baadhi ya video zinavyofanya, hakusaidii sana, kwa kuwa rangi hiyo inashika chochote chenye chaji hasi, pektini ikiwemo. Kwenye maabara kubwa tunapitisha mwanga wa nanomita 260, ambao DNA inaunyonya, tukalinganisha na wa 280 unaonyonywa na protini. Au tunaitembeza DNA kwenye jeli kwa umeme. Hivyo haviko Gredi ya 8, na si lazima viwepo.

Kuna kisa cha kuwasimulia wakati spiriti inafanya kazi yake, maana dakika kumi kwa watoto ni ndefu. Mtu wa kwanza kuitoa DNA alikuwa Friedrich Miescher, kijana wa Kiswisi, mwaka 1869 huko Tübingen, Ujerumani. Maabara yake ilikuwa lililokuwa jiko la kasri la mji. Malighafi yake ilikuwa bendeji zenye usaha kutoka kliniki ya upasuaji, kwa sababu usaha umejaa seli nyeupe za damu. Ili aondoe protini alitumia pepsini kutoka tumbo la nguruwe, kazi ile ile ya papai lako. Akabaki na kitu chenye fosforasi nyingi ambacho hakikufuata tabia za protini, akakiita nuklini, yaani kitu cha kwenye kiini. Akampelekea mkubwa wake, Felix Hoppe-Seyler. Mzee hakuamini. Hakukataa pia, aliyarudia majaribio mwenyewe kwanza, na matokeo hayakuchapishwa mpaka 1871. Huyo mzee na binti yako wameuliza swali moja.

Na ule uzi wa kunata unaomkatisha mtoto tamaa una historia yake pia. Mwaka 1950 mkemia Rudolf Signer wa Bern, Uswisi, aligawa DNA aliyoitoa kwenye tezi ya thimasi ya ndama, safi kuliko nyingi za wakati huo, na mwanasayansi Maurice Wilkins wa London akapata sehemu yake. Ikiwa imelowa ilikuwa kama jeli. Wilkins aligusa kwa kijiti cha kioo, akavuta, ukatoka uzi mwembamba kama wa buibui. Ni DNA hiyo ya Signer ambayo Rosalind Franklin na mwanafunzi wake Raymond Gosling waliipiga picha kwa mionzi ya eksirei mwaka 1952, na mwaka uliofuata wanasayansi Watson na Crick wakachapisha umbo la ngazi iliyosokotwa. Kijiti na ute, basi, vilikuwemo.

Watakuuliza mambo mawili zaidi, jiandae. La kwanza, kama hii ndiyo "vipimo vya vinasaba" vya redioni, vya kutafuta baba wa mtoto. Mwanzo ni huo huo: kuvunja seli na kuitoa DNA. Baada ya hapo maabara husoma sehemu chache zinazotofautiana kati ya mtu na mtu, na kwa hilo hawahitaji uzi unaoonekana, mate yaliyobaki kwenye kijiti cha pamba yanatosha. La pili, kama ni kweli sisi na ndizi tunafanana nusu kwa nusu. Kinacholinganishwa kwenye kauli hiyo ni jeni, si DNA nzima: nyingi ya jeni zetu zina ndugu zao wa mbali kwenye ndizi, zile za kazi za kila seli kama kuvunja sukari na kunakili DNA yenyewe, na hata hizo ndugu hazifanani neno kwa neno.

Kuhusu muda: vipindi viwili mfululizo vinatosha ukiponda na kupasha joto katika cha kwanza. Kama ratiba inakubana, chuja kabla ya kipindi, uyaweke maji kwenye barafu, darasa lianzie kwenye spiriti. Ijaribu nyumbani usiku wa kuamkia siku hiyo na spiriti ile ile, sabuni ile ile na maji yale yale ya shuleni. Nyuzi zilizotoka mnaweza kuziweka kwenye kichupa cha dawa chenye spiriti na kukifunga, zinakaa miezi. Andikeni juu yake tarehe, tunda, na kama kilikuwa na sabuni au la. Yule binti apewe kile kisichokuwa na sabuni.